Tangazo la duka lenye “hadi” mbili: nani alilisoma vibaya, mimi au muuzaji?

Mnunuzi, Morogoro (swali)

Ndugu zangu, naomba msaada wenu katika jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini mimi limenitoa fedha mfukoni na kuniacha nikijiuliza kama kweli ninaisoma sawasawa lugha niliyozaliwa nayo.

Wiki mbili zilizopita duka moja la nguo hapa mjini lilitundika bango jekundu lenye maneno haya, ambayo nayanakili kutoka kwenye picha niliyoipiga kwa simu: “PUNGUZO HADI 40%. MASHATI NA SURUALI ZA WANAUME. OFA HADI JUMAMOSI. BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.” Nilikuwa nikihitaji mashati mawili ya kike ya kuvaa kazini, na suruali moja ya mdogo wangu wa kiume aliyekuwa akijiandaa kwa usaili. Mashati yalikuwa shilingi 25,000 kila moja na suruali shilingi 30,000, yaani 80,000 kwa vyote vitatu. Nikatoa asilimia 40, nikapata 48,000, na siku ya Jumamosi saa nne asubuhi nikaondoka nyumbani na shilingi 55,000 nikiamini zitatosha na kubaki.

Nilipofika kwenye kaunta, mhudumu aliniambia kwa upole kabisa kwamba mashati ya kike hayamo, kwa sababu maneno “za wanaume” yanahusu mashati na suruali pia. Kisha akaniambia kwamba suruali niliyoichagua ina punguzo la asilimia 10 tu, na kwamba asilimia 40 ni ya mashati machache ya saizi kubwa yaliyokuwa kwenye kona. Mwisho akasema kwamba, kwa haki, hata hiyo asilimia 10 ananisaidia tu, kwa kuwa “hadi Jumamosi” maana yake Jumamosi ikifika ofa imekwisha. Nililipa 27,000 kwa suruali na 25,000 kwa shati moja, nikarudi na shilingi 3,000.

Nyumbani tukagundua kwamba karatasi iliyoning’inizwa kiunoni mwa suruali imeandikwa saizi 32, ilhali kitambaa kilichoshonewa ndani kinasema 34, na kweli inampwaya. Nilipoirudisha Jumatatu, mhudumu yuleyule alininyoshea kidole mstari wa mwisho wa bango.

Naomba wenye ujuzi wa lugha waniambie kama mimi ndiye niliyesoma vibaya, na wenye ujuzi wa biashara waniambie kama ule mstari wa mwisho unamaliza kila kitu. Sitafuti kumwaibisha mtu, na ndiyo maana silitaji duka.

Mwalimu wa Kiswahili, Unguja

Dada yangu, pole kwa usumbufu. Nimelisoma bango lako mara kadhaa, na jambo la kwanza lililonigusa ni kwamba mistari mitatu ya mwanzo haina kitenzi hata kimoja. Katika Kiswahili kitenzi ndicho kinachobeba viambishi vinavyotuonyesha nani anafanya nini na kitu gani kinahusika. Ukikiondoa, maneno yanabaki yamepangwa kama vyombo juu ya meza, na msomaji analazimika kuyaunganisha mwenyewe. Wewe uliyaunganisha kwa namna moja, mhudumu akayaunganisha kwa namna nyingine.

Tuanze na “mashati na suruali za wanaume”. Kiunganishi “za” kinapatana na suruali, kwa sababu tunasema suruali za wanaume lakini mashati ya wanaume. Kwa hiyo aliyesoma kwa makini upatanisho ana haki ya kusema kwamba “za wanaume” imeshikamana na suruali peke yake, na kwamba mashati yametajwa bila mipaka, ya kike na ya kiume. Hata hivyo ni lazima nimtendee haki mhudumu pia, kwa kuwa Waswahili wengi, wanapounganisha nomino mbili za ngeli tofauti, hukiacha kivumishi kifuate ile nomino iliyo karibu huku wakikusudia zote mbili. Wengine hutumia “vi”, kama tunavyosema kwamba kiti na meza vimevunjika, na hapo ingekuwa “mashati na suruali vya wanaume”, ambayo ni sahihi ingawa masikio ya wengi yangeikataa kwenye bango. Njia rahisi kuliko zote ni kulitanguliza neno lenye kuwahusu watu: “Wanaume: mashati na suruali.” Herufi ni zilezile takriban, na hakuna anayeweza kulisoma kwa namna mbili.

Sasa “hadi”. Katika mstari wa kwanza neno hili linataja mwisho wa juu wa punguzo na halisemi chochote kuhusu mwanzo wake. Duka lenye shati moja la asilimia 40 na mengine yote ya asilimia 2 halijasema uongo kwa maneno, ingawa limemvuta mteja kwa kitu ambacho hatakikuta. Ndugu yake ni “bei kuanzia 5,000”, ambayo inataja mwisho wa chini na kunyamaza kuhusu wa juu. Mwenye nia njema ataandika pande zote mbili: “kuanzia asilimia 10 hadi 40”.

Katika mstari wa tatu “hadi” ni ya wakati, na hapa ndipo ninapoona kwamba mhudumu alikosea. “Mpaka” tunalitumia pia kwa maana ya kikomo cha shamba au cha nchi, na “hadi” asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana hiyohiyo ya kikomo. Swali basi ni hili: kikomo chenyewe kimo ndani au kiko nje? Mfungaji hufunga hadi magharibi, na magharibi ikiingia anafuturu. Hapo kikomo kiko nje. Lakini mwalimu akiwaambia wanafunzi wasome hadi ukurasa wa 20, hakuna mtoto atakayeishia ukurasa wa 19 na kudai amemaliza. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba magharibi ni nukta ya wakati isiyo na upana, na ukurasa ni kitu chenye mwanzo na mwisho wake. Jumamosi nayo ina upana, ina asubuhi na jioni, na msikilizaji wa kawaida ataihesabu yote ndani. Ulikwenda saa nne asubuhi, dada yangu, na kwa Kiswahili ninachokijua ulikuwa bado umo katika ofa.

Msomaji, Wete

Ninakubaliana na mwalimu, ila niongeze neno kuhusu siku zetu. Kwa wazee wa kwetu siku mpya huanza jua linapokuchwa, hivyo “usiku wa Ijumaa” kwao ni ule usiku unaofuata mchana wa Alhamisi, wakati vijana wengi leo huuelewa kuwa ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa yenyewe. Niliwahi kuona karatasi mlangoni mwa duka la vyakula iliyosema kwamba duka litafungwa usiku wa Ijumaa kwa ajili ya kuhesabu mali, na marehemu babu yangu alikwenda dukani Alhamisi mchana kuwahi mahitaji, wakati sisi wajukuu tulisubiri hadi Ijumaa. Magazeti yamekwisha kulitatua hili kwa kuandika “usiku wa kuamkia Ijumaa”, na wenye maduka wangeweza kulichukua neno hilo hilo bila gharama yoyote. Kwa hiyo hata kama bango la Morogoro lingesema “mwisho usiku wa Jumamosi”, kwa huku Pemba tatizo lisingekwisha.

Mchora mabango, Tanga

Nimeishi kwa brashi tangu mwaka 1998, na siku hizi kwa kompyuta na mashine ya kuchapa, kwa hiyo naomba niseme jambo ambalo mwalimu hawezi kulijua kwa kusoma maneno peke yake. Mteja anapokuja kwangu na tangazo la punguzo, mara nyingi haniambii tu niandike nini, bali ananiambia kila neno liwe na ukubwa gani. “Asilimia 40 ionekane kutoka ng’ambo ya barabara, ile ‘hadi’ weka pembeni.” Nimeandika mabango ya namna hiyo kwa miaka mingi, nami sikujua kwamba nafanya kosa, kwa sababu niliona kazi yangu ni kupaka rangi. Dada, itazame tena ile picha yako na upime urefu wa herufi za “hadi” ukilinganisha na ile tarakimu. Ikiwa herufi zinalingana, mwenye duka alikuwa na haraka tu. Ikiwa hazilingani, kuna aliyekaa akafikiri.

Kwangu sasa nimeweka masharti mawili. Herufi za “hadi” na “kuanzia” haziwi chini ya nusu ya urefu wa tarakimu, na siandiki siku ya mwisho bila tarehe na saa. Wateja wawili wameniacha kwa sababu hiyo, nami nimeridhika.

Makosa mengine, hata hivyo, hayana hila ndani yake. Kijana mmoja aliniandikisha “TUNAKODI BAISKELI” juu ya kibanda chake karibu na ufukwe. Nikachora kama alivyosema. Kabla ya wiki kwisha, watu wawili walifika na baiskeli zao wakiuliza yeye anazikodi kwa bei gani, na walikuwa sahihi kabisa, maana anayekodi ni yule anayelipa, na mwenye mali hukodisha. Ndivyo ilivyo kwa mpangaji anayepanga chumba na mwenye nyumba anayepangisha, na kwa anayekopa na anayekopesha. Nilirudi na ngazi yangu nikaongeza silabu moja bila kumtoza, kwa kuwa niliona na mimi ninahusika. Tangu siku hiyo nikiona “HATUKOPI” ukutani mwa duka, ninajua mwenye duka alikusudia “hatukopeshi”, na ninasikitika kwamba fundi aliyeandika hakumwambia.

Kuna neno moja ambalo kwa maoni yangu linasumbua watu kuliko yote, nalo ni “jumla”. Mwenye duka la nafaka alitaka kibao kilichoandikwa “MCHELE BEI YA JUMLA 2,800”. Akina mama walikuja na vikapu wakitaka kilo moja au mbili kwa bei hiyo, kwa sababu waliielewa kuwa ndiyo bei kamili, isiyo na nyongeza. Yeye alikusudia ile bei ya anayechukua magunia, kinyume cha rejareja. Maneno ni mazuri na yote mawili ni ya kweli: jumla ya bei ni kiasi unachopata ukijumlisha, na bei ya jumla ni ya mnunuzi wa shehena. Lakini kwenye kibao, penye neno “jumla” peke yake likifuatwa na tarakimu, mtu hawezi kujua anaambiwa lipi. Tulikifuta tukaandika “Ukinunua kuanzia kilo 50, kilo moja ni shilingi 2,800”, na ugomvi ukaisha siku ileile.

Muuza vitambaa, Mombasa

Assalaam aleikum. Mimi niko upande wa kaunta kwa miaka zaidi ya ishirini, na ninaomba mtusikilize nasi, kwa maana katika maelezo yaliyotangulia mwenye duka ameonekana kama mtu aliyekaa kuwinda.

Maneno “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” hatukuyabuni kwa ukatili. Kuna mteja anayenunua gauni Alhamisi, akalivaa harusini Jumamosi, akalirudisha Jumatatu likinuka udi. Kuna anayekata kitambaa mita tatu kutoka kwenye jora, halafu fundi wake anamwambia ilitakiwa mita nne. Zile mita tatu nikizipokea nitamwuzia nani? Duka dogo lina mtaji mdogo, na nguo iliyorudi imechakaa ni hasara isiyofidiwa na yeyote.

Lakini nimeona kwamba maneno yenyewe ni mabaya, hata kwetu sisi. “Hairudishwi” yanachanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali: mteja kurudisha nguo, duka kumbadilishia, na duka kumrudishia fedha zake. Mimi huwa sirudishi fedha kwa mtu aliyebadili nia, ila kubadilisha saizi au rangi ninabadilisha, ikiwa nguo haijavaliwa na risiti ipo. Kwa miaka mingi bango langu lilisema “haziru­dishwi” tu, na nilikuwa nikipoteza wateja ambao ningewahudumia kwa furaha kama wangejua. Sasa nimeandika “Kubadilisha ni ndani ya siku 7, kwa risiti, nguo ikiwa haijavaliwa. Fedha hatutarudisha isipokuwa nguo ikiwa na kasoro.” Ni maneno mengi, na yamechukua ukuta nusu, lakini mabishano yamepungua sana.

Kuhusu leso, nako kuna utata ambao mgeni hawezi kuukwepa. Sisi tunajua kwamba leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye jina moja, na bei inayoandikwa ni ya doti. Mgeni akisoma bei juu ya rafu hudhani ni ya kipande kimoja na kuona ni ghali, au mbaya zaidi anachukua kipande kimoja na kuacha mwenzake amekuwa yatima kwenye rafu. Neno “doti” likiongezwa mbele ya bei linatosha.

Kwa suruali yako, dada yangu, ingekuwa dukani kwangu ningebadilisha bila hata kuuliza risiti. Karatasi ilisema 32 na nguo ni 34. Aliyeikosea ile karatasi si wewe.

Mwanasheria kijana, Nairobi

Nitazungumzia mstari wa mwisho wa bango, na nitaanza na sheria za Kenya kwa sababu ndizo ninazozifanyia kazi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa hizo, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaongeza kwamba haki inazozitoa haziwezi kuondolewa kwa makubaliano, sembuse kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Kwa hiyo ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo bango linayaweka pamoja. Mteja aliyebadili nia, au aliyeona rangi nyingine nzuri zaidi kwa jirani, hana dai la kisheria katika ununuzi wa kawaida wa dukani, na hapo mwenye duka anaweza kukataa. Mteja aliyeuziwa kitu chenye kasoro, au kisicholingana na maelezo yaliyoandikwa juu yake, analo dai, na bango halimnyang’anyi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sheria ya uuzaji wa bidhaa nayo, ambayo nchi zetu mbili ziliirithi kutoka chimbuko moja la Kiingereza, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Saizi iliyoandikwa kwenye karatasi ya suruali ni maelezo.

Liko pia jambo linalohusu mistari ya juu. Mahakama zetu zinafuata kanuni ya kwamba maneno yanapobeba maana mbili zinazowezekana, husomwa dhidi ya upande ulioyaandika, kwa sababu ndio uliokuwa na nafasi ya kuyaweka wazi. Sikushauri uende mahakamani kwa shilingi elfu chache, dada, lakini ukirudi dukani nenda na risiti, nenda na ile picha ya bango, na uombe kuzungumza na mwenye duka badala ya mhudumu, ambaye huenda hana ruhusa ya kuamua.

Mhudumu mstaafu wa duka la dawa, Songea

Mmezungumza juu ya nguo na mchele, na ni sawa, lakini mimi nimefanya kazi mahali ambapo neno la kibao linaweza kumdhuru mtu, na naomba lisisahaulike.

Vijana hawayakumbuki, lakini zamani maduka yetu yalikuwa na kibao cha “Duka la Dawa Baridi”. Maana yake rasmi ilikuwa duka lililoruhusiwa kuuza zile dawa ambazo hazihitaji cheti cha daktari. Watu wa kawaida hawakuielewa hivyo. Wapo waliokuja kwa sababu wana mafua na baridi, wapo waliodhani ni dawa zinazotunzwa kwenye jokofu, na wapo wengi walioona neno “dawa” na kuishia hapo, wakidai sindano na vidonge ambavyo hatukuruhusiwa kuwa navyo. Kumkatalia mama mwenye mtoto anayechemka homa, huku kibao juu ya kichwa chako kikisema dawa, ni kazi ngumu sana, na si kila mwenye duka aliweza kukataa.

Mwaka 2003 mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia hapa kwetu Ruvuma, kisha ukaenea katika mikoa mingine. Wahudumu tulifundishwa, majengo yakakaguliwa, na tukaruhusiwa kuuza pia baadhi ya dawa za cheti zilizo kwenye orodha maalumu. Jina jipya ni bora kuliko la kwanza, ninasema hivyo kwa dhati, lakini nalo bado humwacha mtu wa kawaida akijiuliza tofauti yake na famasi ni nini, kwa kuwa dawa gani isiyo muhimu kwa mgonjwa? Tofauti ipo na ni kubwa: famasi husimamiwa na mfamasia na huwa na dawa nyingi zaidi, wakati duka la dawa muhimu lina orodha yake isiyovukwa. Laiti chini ya kile kibao kungekuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo unaosema dawa zipi hazipatikani hapa, watu wasingezunguka nusu siku na mgonjwa mgongoni.

Na kwa kuwa mwalimu ameeleza habari ya kikomo, niseme kwamba kwenye pakiti ya dawa “mwisho wa matumizi 06/2025” huhesabiwa kuwa siku ya mwisho ya mwezi wa sita. Niliulizwa swali hilo karibu kila wiki.

Mkaazi wa Kampala, mzaliwa wa Kisumu

Nitasema kwa ufupi kuhusu saa, kwa maana fundi wa Tanga ameweka sharti la kuandika saa, na saa nazo zina mtego wake. Sisi husoma 8:00 kwenye simu na kutamka “saa mbili”. Hapo hakuna tatizo, kwa kuwa mtu mmoja anaona na kutamka mwenyewe. Tatizo linakuja mwenye duka anapoandika kibao kwa Kiswahili kisha akaweka tarakimu za kwenye simu: “Tunafungua saa 8:00 hadi saa 6:00.” Anayesoma Kiswahili kama kilivyo ataelewa kwamba duka hufunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa sita usiku, ilhali yeye alikusudia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Niliwahi kusimama nje ya duka la vifaa vya ujenzi saa moja usiku nikigonga mlango, nikiamini limefungwa mapema. Huku Uganda hesabu ya saa ya Kiganda inafanana na yetu, kwa hiyo mkanganyiko ni uleule. Maneno “asubuhi”, “mchana”, “jioni” na “usiku” yakiandikwa baada ya tarakimu, kosa linajitokeza lenyewe, kwa sababu hakuna “saa 8:00 asubuhi” katika Kiswahili.

Mnunuzi, Morogoro (aliyeuliza)

Ndugu zangu, nawashukuru nyote, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Fundi wa Tanga, nimeipima ile picha kama ulivyoniagiza: urefu wa “hadi” ni kama robo ya urefu wa tarakimu.

Jana nilikwenda dukani na risiti na picha, nikaomba kumwona mwenye duka, naye akatoka kunisikiliza. Suruali aliibadilisha palepale. Alisema karatasi zile hubandikwa na kijana wa stoo na kwamba hakuwa na habari za mkanganyiko huo. Nilipomweleza habari ya ukurasa wa 20 na magharibi alikaa kimya kidogo, kisha akakubali kwamba Jumamosi ilikuwa ndani. Kuhusu mashati ya kike hakukubali, na sikumlazimisha, kwa kuwa mwalimu mwenyewe amesema kwamba maneno yale yangeweza kusomwa hivyo. Ile tofauti ya suruali, kwa kuwa ya asilimia 10 ndiyo bei iliyokuwa kwenye lebo yake, imebaki ilivyo.

Tuliandika pamoja maneno mapya kwenye karatasi ya daftari, na ninayaweka hapa ili mnisahihishe kabla hayajachapishwa: “WANAUME: MASHATI NA SURUALI. PUNGUZO KUANZIA 10% HADI 40%. TAZAMA LEBO YA KILA NGUO. SIKU YA MWISHO NI JUMAMOSI TAREHE 28, SAA 12 JIONI. TUNABADILISHA SAIZI NDANI YA SIKU 3 KWA RISITI. NGUO YENYE KASORO TUNARUDISHA FEDHA.”

Mwalimu, huo mstari wa mwisho unanitia wasiwasi, kwa sababu naona mtu anaweza kuelewa kwamba duka ndilo linalorudishiwa. Je, “tunakurudishia fedha” si bora zaidi? Fundi wa hapa anaanza kazi keshokutwa, na bango la zamani bado linaning’inia upande wa barabara kuu.

Mwalimu wa Kiswahili, Unguja

Ni bora zaidi. Andikeni “Nguo ikiwa na kasoro, tunakurudishia fedha zako.” Kiambishi “ku” kinamtaja mteja waziwazi, na “ikiwa” inaweka sharti ambalo “yenye” ililificha.